Cy Young na ushindi 511: hesabu inatokaje, na nini kiandikwe ubaoni?

MtuWaNgamiani

Wakuu, salaam. Klabu ya besiboli ya shule moja hapa Tanga inaandaa ubao wa maonesho, na mada ni Cy Young. Watoto rede wanaijua vizuri, kriketi kidogo, besiboli ndiyo kwanza wanaanza. Rasimu iliyopo ni hii:

"Denton True Young, maarufu kama Cy Young, alizaliwa tarehe 29 Machi 1867 huko Gilmore, Ohio, Marekani. Alikuwa mrushaji. Alicheza misimu 22, kuanzia 1890 hadi 1911, na alishinda michezo 511 kuliko mrushaji mwingine yeyote. Mwaka 1893 warushaji walirudishwa nyuma futi 10 lakini yeye hakutetereka. Mwaka 1904 alirusha mchezo kamili. Mwaka 1936 aliingia Jumba la Magwiji pamoja na kundi la kwanza. Alitwaa tuzo ya Cy Young mara ___."

Hapo mwisho nimeacha nafasi, sijapata idadi. Naomba msaada pia kwa haya: inakuwaje mtu mmoja aandikiwe ushindi 511 wakati inayoshinda ni timu? Kwa nini hakuna anayemkaribia? Na umbali aliokuwa akirushia tutauonesha vipi uwanjani? Uwanja ni wa vumbi, na kifaa kilichopo ni kamba ya katani.

---

BintiPongwe

Hiyo nafasi ya mwisho ifute kabisa, mkuu. Tuzo ya Cy Young ilianza kutolewa 1956. Mwenyewe alifariki tarehe 4 Novemba 1955 akiwa na miaka 88, kwa hiyo hakuitwaa hata mara moja. Ilipewa jina lake kumuenzi. Wa kwanza kuipata ni Don Newcombe wa Brooklyn Dodgers. Hadi 1966 ilikuwa moja tu kwa ligi zote mbili zinazounda ligi kuu, National na American, na tangu 1967 kila ligi ina ya kwake.

La 1936 nalo si kweli, ingawa wengi hukosea hapo. Kundi la kwanza lilikuwa la watu watano: Ty Cobb, Honus Wagner, Babe Ruth, Christy Mathewson na Walter Johnson. Young aliachwa nje, na sababu yake haikuwa uwezo. Mwaka ule kulikuwa na kura mbili, moja ya wachezaji wa karne ya 20 na nyingine ya wakongwe wa karne ya 19, na yeye alikuwa amecheza pande zote mbili. Waliompenda wakagawanyika, akakosa asilimia 75 inayotakiwa huku na kule. Mwaka uliofuata, 1937, alipata kura 153 kati ya 201, sawa na asilimia 76. Alipita kwenye tundu la sindano! Jumba lenyewe, kule Cooperstown, lilifunguliwa rasmi 1939.

Na ongezeni jina lilikotoka. "Cy" ni kifupi cha "Cyclone", yaani kimbunga, jina alilopewa kwa kasi ya mpira wake alipokuwa timu ya Canton mwaka 1890, kabla hajanunuliwa na Cleveland. Mechi yake ya kwanza ligi kuu ilikuwa tarehe 6 Agosti 1890 dhidi ya Chicago iliyoongozwa na Cap Anson, akashinda 8–1 na kuruhusu mapigo halali 3 tu (yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji kituoni).

---

Mzee wa Takwimu

Nianze na swali la ushindi, maana bila hilo 511 haisomeki.

Timu ndiyo inashinda, lakini kila mchezo mtunza kumbukumbu humwandikia mrushaji mmoja wa timu iliyoshinda "ushindi" na mrushaji mmoja wa timu iliyopoteza "kushindwa". Anayeandikiwa ushindi ni yule aliyekuwa akirusha timu yake ilipochukua uongozi ambao haukupotea tena. Kama ndiye aliyeanza mchezo, siku hizi lazima awe amemaliza awamu 5 kati ya 9 (awamu ni zamu moja ya kila timu kupiga). Anayeandikiwa kushindwa ni yule aliyewaruhusu wapinzani pointi iliyowapa uongozi wa mwisho. Sheria ya awamu 5 iliandikwa kitabuni 1950. Enzi za Young uamuzi huo uliachwa zaidi mikononi mwa watunza kumbukumbu, ndiyo maana vitabu vya zamani vinapishana kidogo kwenye jumla yake. Idadi inayotambuliwa na ligi kuu leo ni 511.

Mgawanyo wake ni huu, na ukijumlisha unafika bila kupungua hata mmoja: Cleveland Spiders (1890–1898) 241, St. Louis (1899–1900) 45. Boston ya ligi ya American (1901–1908) 192. Cleveland tena, safari hii timu nyingine ya ligi ya American (1909 hadi katikati ya 1911), 29. Kisha Boston ya ligi ya National, miezi ya mwisho ya 1911, 4. Kwa ligi ni 290 za National na 221 za American.

Sasa kwa nini hafikiwi. Wa pili ni Walter Johnson mwenye 417, pengo la 94. Mrushaji anayeanza leo hupanda tutani (kilima kidogo anachorushia) kila siku ya tano, kwa hiyo msimu mzima anaanza michezo kama 32. Hata akishinda yote 32 bila kupoteza hata mmoja, atahitaji miaka 16 kupata 512. Na wa mwisho kufikisha ushindi 30 katika msimu mmoja ni Denny McLain, 1968, aliposhinda 31. Young alivuka 30 mara tano: 36 mwaka 1892, 34 mwaka 1893, 35 mwaka 1895, 33 mwaka 1901 na 32 mwaka 1902.

Lakini msimpake mtoto wa watu mafuta upande mmoja. Huyu mwenye ushindi mwingi kuliko wote ndiye mwenye kushindwa kwingi kuliko wote: 315. Ndiye aliyepigwa mapigo halali mengi kuliko wote pia, 7,092. Ubao ukiandika 511 bila 315 pembeni, umeandika nusu.

---

KipimoSahihi

Naja kwenye umbali. "Futi 10" inasemwa kila mahali na ni kosa la kupima kutoka alama mbili tofauti.

Kabla ya 1893 hapakuwa na kibao cha kukanyaga. Kulikuwa na boksi lililochorwa chini kwa mistari. Mstari wa mbele wa boksi ulikuwa futi 50 kutoka kwa mpigaji (mita 15.24), na wa nyuma futi 55 na inchi 6 (mita 16.92). Tangu 1887 mrushaji alilazimika kuanza akiwa na mguu wa nyuma kwenye ule mstari wa nyuma. Mwaka 1893 boksi likafutwa, kikawekwa kibao cha mpira cha kukanyaga kwenye futi 60 na inchi 6 (mita 18.44). Anayetoa 50 kwenye 60 na nusu anapata zaidi ya 10, lakini mguu wenyewe ulirudi kutoka 55 na nusu hadi 60 na nusu. Ni futi 5 kamili, mita 1.52. Andikeni hivyo.

Hizo futi 5 zilitosha kubadili mchezo. Wastani wa upigaji (mapigo halali kwa kila jaribio la kupiga) katika ligi ya National ulikuwa 0.245 mwaka 1892; mwaka 1893 ukawa 0.280, na 1894 ukafika 0.309. Mpigaji alipata nafasi ya kuuona mpira, na mpira wa kupinda ukaanza kupinda mapema mno. Warushaji wengi walipotea hapo. Kuhusu Young "hakutetereka", pia si kweli sana: wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila awamu 9 ulipanda kutoka 1.93 hadi 3.36. Ila alibaki chini ya wastani wa wenzake, ndiyo maana bado alishinda 34.

Uwanjani, iacheni hiyo kamba ya katani. Katani hunywa unyevu, na ikilowa urefu wake hubadilika. Kamba iliyopimwa mchana kavu haitasoma vilevile asubuhi yenye umande wa baharini. Tumieni futi kamba ya fundi ya mita 20 au 30. Ya mita 5 inayounganishwa mara nne huleta kosa kila unapoinua mkono. Kama ni lazima kamba, tumieni ya poliesta nyembamba, ivuteni kwanza ilegee mara mbili tatu, kisha fungeni vitambaa kwenye alama.

Anzeni na kibao cha mpigaji, na hapo ndipo watu hukosea: mita 18.44 zinapimwa kutoka ncha ya nyuma ya kibao hicho, ile iliyochongoka, hadi ukingo wa mbele wa kibao cha mrushaji. Ukipima kutoka ukingo wa mbele wa kibao cha mpigaji, umemwongezea mrushaji sentimita 43. Kwenye mstari huohuo pigeni vijiti viwili, kimoja mita 16.92 na kingine mita 18.44, mwageni chokaa. Mtoto akisimama cha kwanza halafu cha pili ataiona tofauti kuliko maelezo yoyote ya ubaoni. Wanaocheza kriketi waambieni kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12, ila huku mpira haudundi chini kabla ya kumfikia mpigaji.

Tuta msilijenge kwa ajili ya maonesho ya siku moja. Leo ni sentimita 25.4 kwenda juu, lakini udongo wa kichanga bila mfinyanzi unabomoka mguu wa kwanza ukitua, na mtoto anateguka kifundo.

---

MtuWaNgamiani

Ahsanteni sana, hasa la futi 5. Kumbe rasimu ilikuwa imeoza! Mzee wa Takwimu, shikamoo. Naomba kuuliza: kama alipigwa mapigo 7,092, ukali wake uko wapi basi? Watoto wataniuliza hilo dakika ya kwanza.

---

Mzee wa Takwimu

Marahaba. Jibu liko kwenye awamu 7,356 alizorusha, hakuna aliyefika huko. Ukirusha sana, kila kitu kinaongezeka, kizuri na kibaya.

Ukali wake uko mahali pawili. Kwanza, hakutoa vituo bure. Mpigaji akirushiwa mipira 4 mibaya anatembea hadi kituo cha kwanza bila jasho. Young alitoa 1,217 ya namna hiyo katika awamu zake zote, yaani 1.49 kwa kila awamu 9. Ukitaka kumfunga, ilibidi upige. Pili, alimaliza alichoanza. Alianza michezo 815 na kumaliza 749 bila kubadilishwa, karibu 92 kwa kila 100. Leo mrushaji akimaliza mchezo mmoja msimu mzima inakuwa habari.

Hayo mawili yanategemeana. Kuwatoa wapigaji kwa straiki 3 (straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au kuuacha) kunahitaji mipira mingi. Yeye aliwatoa 2,803, ambayo ni 3.43 tu kwa kila awamu 9, kiwango ambacho leo kingemrudisha mtu ligi ya chini. Alirusha pale panapopigika vibaya, mpigaji akaupiga chini, walinzi wakaokota. Mipira michache, mkono haukuchoka. Na msisahau kwamba wakati wa ujana wake mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari haukuhesabiwa straiki. Ligi ya National ilianza kuuhesabu 1901, ya American 1903.

Enzi nayo ilimbeba. Mpira ulikuwa na kiini cha raba na nyuzi zilizozungushwa, haukuruka mbali. Kiini cha gome la koki kilikuja 1910–1911, yeye akiwa anaaga. Mpira mmoja ulitumika hadi ukawa mweusi kwa udongo na mate ya tumbaku. Kwa kuwa mpira kupigwa hadi nje ya uwanja ilikuwa nadra, hakuhitaji kutoa nguvu zote kwa kila mpigaji. Angeweza kuhifadhi mkono na kuufungulia pale tu vituo vilipojaa. Mrushaji wa leo hana nafuu hiyo, kwani mpigaji wa nane naye anaweza kuupeleka jukwaani.

---

Mwambao Mkavu

Mimi natofautiana kidogo na wakubwa hapa. Mnawafundisha watoto kwamba ushindi ni kipimo cha mrushaji, na si kipimo kizuri. Tazameni msimu wake wa 1905: aliruhusu wastani wa pointi 1.82 kwa awamu 9, kiwango safi, lakini akaandikiwa ushindi 18 na kushindwa 19. Boston haikumfungia pointi. Mwaka 1893 aliruhusu 3.36 akaandikiwa ushindi 34. Ukiuliza mrushaji bora wa kale kwa uwezo mtupu, Walter Johnson ana wastani wa 2.17 na michezo 110 aliyowazuia wapinzani bila pointi. Young ana 2.63 na michezo 76.

Kingine, mmeruka kabisa suala la 1899, na bila hilo mtu haelewi kwa nini kuna St. Louis kwenye orodha. Ndugu wawili wa ukoo wa Robison walimiliki Cleveland na wakanunua na St. Louis. Wakawahamishia St. Louis nyota wote, Young akiwemo, kwa sababu Cleveland watazamaji walikuwa wachache. Cleveland iliyobaki ikashinda michezo 20 na kupoteza 134, kisha ikafutwa ligini. Kumiliki timu mbili za ligi moja ndiko huko. Young hakuipenda St. Louis, na ligi ya American ilipoanza kuwa ligi kuu mwaka 1901 akaenda Boston. Ligi ya National ilikuwa imeweka kikomo cha mshahara cha dola 2,400 kwa mwaka. Boston ikampa 3,500. Alikuwa na miaka 34, wakamwona amekwisha. Msimu huohuo akaongoza ligi kwa ushindi (33), kwa wastani mdogo wa pointi (1.62) na kwa kuwatoa wapigaji kwa straiki (158), yote matatu.

---

Mzee wa Takwimu

Kwa Johnson sibishani nawe, Mwambao. Ila Johnson hakuwahi kurushia boksini, hakupitia ule uhamisho wa 1893. Young ndiye aliyeshinda pande zote za mstari ule, na hilo ndilo ningeliweka katikati ya ubao badala ya kuuliza nani bora.

---

BintiPongwe

Naongeza michezo mitatu ambayo hakuruhusu pigo halali hata moja, kwa kuwa rasimu imetaja mmoja tu na watu huichanganya.

Wa kwanza ni tarehe 18 Septemba 1897 dhidi ya Cincinnati. Wa pili ndio mchezo kamili, tarehe 5 Mei 1904, Boston dhidi ya Philadelphia Athletics, matokeo 3–0. Kamili maana yake wapigaji 27 walikuja, 27 wakatoka, hakuna aliyegusa kituo cha kwanza kwa njia yoyote, iwe kwa pigo, kwa kutembea bure au kwa kosa la mlinzi. Aliyepoteza siku ile ni Rube Waddell, mrushaji hatari wa wakati wake, na ndiye aliyekuwa mpigaji wa 27. Ulikuwa wa kwanza tangu umbali uwe mita 18.44, miwili iliyotangulia, ya Lee Richmond na John Montgomery Ward, ilichezwa 1880 kwa umbali mfupi zaidi.

Wa tatu ndio mtego. Tarehe 30 Juni 1908 aliifunga New York 8–0 akiwa na miaka 41. Mpigaji wa kwanza kabisa, Harry Niles, alitembea bure, kisha akanaswa akijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia bila mpira kupigwa. Baada yake hakuna aliyefika. Kwa hiyo wapigaji walikuwa 27 vilevile, lakini haukuwa mchezo kamili, kwa sababu ya yule mmoja aliyetembea. Swali zuri la kuwatega watoto.

Fainali ya kwanza ya kuwakutanisha mabingwa wa ligi hizi mbili, 1903, nayo iwepo. Young ndiye aliyeurushia mpira wa kwanza mpigaji wa Pittsburgh, tarehe 1 Oktoba, na akapoteza siku ile 7–3. Alishinda mchezo wa 5 na wa 7, Boston ikachukua fainali 5–3.

---

MtuWaNgamiani

Na aliachaje? Rasimu haina mwisho.

---

KipimoSahihi

Ushindi wa 500 ulipatikana tarehe 19 Julai 1910 dhidi ya Washington, awamu 11. Wa 511 ni tarehe 22 Septemba 1911, Boston ya ligi ya National dhidi ya Pittsburgh, 1–0. Alikuwa na miaka 44 na mwili umeongezeka, lakini mkono ulikuwa bado unafanya kazi. Kilichomwangusha ni miguu. Wapigaji waligundua kwamba wakiugusa mpira kidogo ukabingirika karibu na tuta, hawahi kuinama na kuuokota. Mwaka 1912 alijaribu maandalizi ya msimu, mkono ukauma, akarudi shamba huko Ohio. Shamba ndilo lililokuwa mazoezi yake ya majira ya baridi miaka yote, kupasua kuni na kazi za mifugo, na kabla ya mchezo alirusha mipira michache tu ya kupasha mkono.

Jambo moja la useremala kabla hujakata mbao. Kibao cha mpigaji chenye pembe tano, upana inchi 17 (sentimita 43.2), kilianza 1900. Kabla ya hapo kilikuwa mraba wa inchi 12, sentimita 30.5 kila upande, kilicholazwa pembe ikimwelekea mrushaji. Kama ubao unaonesha 1893, kateni mraba; kama unaonesha mchezo wa 1904, kateni wa pembe tano. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kwa vyote viwili, ipakwe rangi nyeupe ya mafuta; ya maji itaondoka na vumbi siku hiyohiyo.